Dari la gari linaloning'inia halitibiwi kwa pini

Anayetaka kujua umri wa gari Tanzania huangalia kwanza namba. Mtu akitaja "namba A" au "namba B" kwenye kijiwe chochote cha Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, hakuna atakayeuliza ana maana gani. Lakini gari lina kibao kingine cha umri, nacho kiko ndani, juu ya vichwa vya abiria. Kitambaa cha dari huanza kuachia taratibu, mara nyingi upande wa nyuma karibu na kioo, kikatuna mithili ya shavu la mtu mwenye jino bovu. Miezi michache baadaye kimeshuka kote. Abiria wa nyuma kinamkalia kichwani, mama aliyefunga kilemba anakisukuma kwa kiganja kila gari linapovuka tuta, na dereva akitazama kioo cha katikati haoni barabara aliyoiacha nyuma, anaona nguo inayopepea. Kila anayeshuka anajipangusa mabegani unga wa rangi ya kahawia.

Tiba iliyozoeleka ni pini. Wengine hubandika pini za matangazo, wengine hupiga stepla, wengine hukaza skrubu, na wapo wanaopenyeza gundi kwa bomba la sindano katikati ya kitambaa na ubao. Mwenye gari hulipa pesa kidogo na kuondoka amefurahi. Mvua hazijakatika, kitambaa kimeshuka tena. Hapo lawama huanza: gundi feki, fundi maiko, gari mkweche. Lawama zote hizo zinapita pembeni. Kilichokufa kwenye dari hilo si gundi, ni sponji. Na maadamu sponji iliyokufa imeachwa mahali pake, hakuna gundi duniani itakayoshika.

Dari la gari la kisasa lina matabaka matatu. La juu, lile lililo karibu na bati la paa, ni ubao mwepesi uliofinyangwa kwa nyuzi za kioo au nyuzi za mimea zilizoshindiliwa kwa joto. Ubao huo ndio unaolipa dari umbo lake, pamoja na mabonde ya taa na ya vikinga jua. La chini, linaloonekana na abiria, ni kitambaa laini cha nailoni au poliesta. Katikati yao kuna sponji nyembamba ya milimita 3 hadi 5, iliyounganishwa na kitambaa tangu kiwandani. Sponji hiyo ndiyo inayofanya dari libonyee kidogo likiguswa kwa kidole, inaficha kasoro za ubao na kusaidia kumeza kelele. Kitambaa chenyewe hakijagusana na ubao popote. Kimeshikwa na sponji, na sponji ndiyo iliyogundishwa kwenye ubao.

Sponji hizi ni za poliyurethani, familia ya plastiki iliyovumbuliwa na mkemia Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Leo imo kwenye magodoro, makochi, soli za viatu na viti vya magari karibu yote. Wakemia wanazijua vizuri aina zake mbili kubwa na udhaifu wa kila moja: aina ya poliesta humomonyolewa na unyevu, aina ya polietha huchoshwa na oksijeni, joto na mwanga. Zinapita njia tofauti lakini zinafikia mahali pamoja. Sponji inapoteza mnyumbuliko, inaweza kunatanata kwa muda, kisha inageuka unga. Wahifadhi wa makumbusho ya Ulaya wanapambana na balaa hilo hilo kwenye viti na sanamu za sponji za miaka ya 1960 na 1970, vitu vya thamani kubwa vinavyopukutika ndani ya makabati bila kuguswa na mtu. Kama vyumba vyenye viyoyozi na vipimo vya unyevu vinashindwa kuizuia, gari lililoegeshwa juani nje ya Soko Kuu la Songea litaizuia kwa lipi?

Hali ya hewa ya mji inaongeza kasi. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wageni wa kutoka Dar es Salaam hulalamikia baridi yake ya Juni na Julai. Hata hivyo mwaka wa huku umegawanyika vikali: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu unaoishia kwenye joto la Oktoba. Gari linalolala nje hunyonya unyevu kwa karibu nusu mwaka, kisha hukaangwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoachwa juani kwa saa moja katika siku za joto kali. Hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 hivi za Selsiasi, na dashibodi ilifika nyuzi 69. Songea haina jua la jangwa la Arizona, lakini bati la paa hapa nalo hupokea jua moja kwa moja, na dari limelala chini yake tu.

Barabara nazo zina sehemu yao katika habari hii. Kwa miaka mingi mji ulifikika kwa lami kutokea Makambako na Njombe peke yake, na kwingine kote ilikuwa vumbi na makorongo. Lami ya Songea hadi Namtumbo na ya Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa fedha za mpango wa Changamoto za Milenia wa Marekani, mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013, na baadaye lami ikaendelea hadi Tunduru upande mmoja na Mbamba Bay upande mwingine. Barabara nzuri zimefungua njia kwa magari madogo ambayo zamani yasingethubutu safari hizo. Mengi kati yake yaliingia nchini yakiwa yameshatumika miaka mingi Japani, sponji ya dari ikiwa na umri uleule wa gari.

Si kila gari hushuka dari. Magari mengi madogo ya Kijapani ya bei ya kawaida yamevikwa kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, kigumu kidogo, kilichofinyangwa pamoja na ubao bila sponji katikati. Hayo yanaweza kuchakaa, kuchafuka na kufifia, lakini yanashikilia. Wanaoumia zaidi ni wenye magari yaliyotengenezwa kwa raha: dari laini, linalobonyea, la rangi ya maziwa. Wenye Land Rover Discovery na Freelander, Volkswagen na BMW za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanaijua hadithi hii bila kusimuliwa. Gari lililouzwa ghali kwa sababu ya ulaini wake linaaibishwa na ulaini huo huo.

Kabla ya sponji mambo yalikuwa tofauti. Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa mviringo, ilikuwa na dari la turubai au plastiki lililoshonewa mikanda ya kupitisha nyaya za chuma, kisha likavutwa pembeni na kugundishwa ukingoni. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalivikwa hivyo. Dari la namna ile lilichanika, halikushuka. Na likichanika, fundi cherehani mwenye mkono mzuri aliweza kulitoa, kulifumua, kulitumia kama kielelezo na kushona jipya. Ubao uliofinyangwa ulipokuja ulirahisisha kazi ya kiwanda, kwa sababu dari zima huingizwa kwenye gari likiwa kipande kimoja kilichokamilika. Aliyebebeshwa mzigo ni fundi wa miaka 20 baadaye, ambaye hakuwahi kuonyeshwa jinsi kipande hicho kinavyotoka.

Hapo ndipo njia za mkato zilipozaliwa. Kushusha ubao wa dari kunatisha. Kuna klipu za plastiki zilizokauka, kuna nyaya za taa, kuna plastiki za nguzo zinazolia kana kwamba zinavunjika. Ni rahisi zaidi kumwambia mteja, "Kaka, hapa tunapiga gundi tu, nusu saa unaondoka." Gundi ya sindano inapoingia inakuta unga. Inagundisha unga kwenye unga, kisha inalowa hadi upande wa pili na kuacha madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Pini hushika kitambaa pale zilipochomwa, na kati ya pini na pini kitambaa kinabaki kimening'inia. Skrubu ni mbaya kuliko vyote: ikiwa ndefu kidogo inafika kwenye bati na kulitoboa au kulibonyeza kutokea ndani, na mvua za Desemba zinamaliza kazi kwa kutu.

Kazi sahihi huanza kwa kushusha ubao. Hakuna njia nyingine, na mwenye gari anapaswa kukubali hilo kabla hajauliza bei. Fundi hutenganisha waya wa betri, kisha hutoa vikinga jua, taa ya ndani, vishikio vya abiria na ndoano za nguo. Hufungua plastiki za nguzo kwa mpangilio, huvuta mipira ya milango kando, na kila skrubu huiweka kwenye mfuko wake, kwa sababu skrubu za mbele na za nyuma hazilingani urefu. Ubao ukiachia, viti vya mbele hulazwa kabisa. Kwenye gari lenye mlango mkubwa wa nyuma, kama Noah au RAV4, ubao hutokea huko bila shida. Kwenye saluni hutolewa kwa mlango wa abiria ukiwa umeinamishwa, watu wawili wakishika. Ubao usikunjwe hata kidogo. Mkunjo mmoja huacha mstari ambao kitambaa kipya hakitauficha.

Nje, juu ya meza au juu ya mapipa mawili, kitambaa cha zamani hung'olewa kwa mkono. Hutoka kirahisi mno, na hapo mwenye gari huona kwa macho yake kilichokuwa kikimdondokea: safu ya sponji iliyooza imebaki ubaoni, inapukutika ikiguswa. Yote lazima itoke. Brashi ya nailoni inatosha, au brashi laini ya waya ikishikwa na mkono mwepesi, fundi akiwa amefunika pua na mdomo. Wapo wanaoharakisha kwa kumwagia maji, nao hujuta, maana ubao wa nyuzi za mimea ukilowa hulainika na kupoteza umbo. Saa moja ya kusugua kwa subira ndiyo inayoamua kama dari litakaa miaka au miezi. Ndiyo sehemu chafu, isiyo na sifa, ambayo mteja haioni akija kuchukua gari, na kwa hiyo ndiyo inayorukwa.

Ubao ukiwa mtupu huonyesha mengine. Alama za maji karibu na kioo cha mbele maana yake mpira wa kioo unavuja. Alama karibu na dirisha la paa, kwa magari yaliyo nalo, mara nyingi ni mirija ya kutolea maji iliyoziba kwa vumbi na majani. Kuvika dari jipya chini ya paa linalovuja ni kutupa pesa, kwa hiyo uvujaji huzibwa kwanza. Nyufa za ubao nazo huimarishwa kutokea upande wa nyuma, usioonekana, kwa kipande cha kitambaa kigumu na gundi au kwa fayibaglasi.

Kisha kitambaa. Saluni ya kawaida huhitaji kama mita mbili hadi mbili na nusu za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, gari la abiria wengi huhitaji zaidi. Kinachofaa ni kitambaa chenye sponji nyembamba mgongoni, kinachovutika pande zote, kwa sababu dari lina mabonde na kitambaa kisichovutika hurukia bonde badala ya kuingia ndani yake. Vitambaa vya makochi na leza nzito vinavyouzwa sokoni vinapendeza kwa macho lakini uzito wao unaivuta gundi kila gari linapochemka juani. Gundi nayo ichaguliwe kwa kigezo cha joto. Gundi ya kawaida ya kopo la kupuliza, nzuri kwa karatasi na mapambo, hulegea kabla joto la paa halijafika kileleni. Inayotakiwa ni gundi ya kugusanisha inayostahimili joto kali, ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi ikiguswa isivute nyuzi, ndipo pande zikutanishwe.

Kukutanisha hufanywa nusu kwa nusu. Kitambaa hulazwa juu ya ubao wote mahali pake, hukunjwa nusu, gundi hupakwa, husubiriwa, na kitambaa hurudishwa kutokea katikati kuelekea kingo kwa kiganja kilichonyooshwa. Vidole huacha mashimo. Bonde linaingiwa kwanza, ndipo uwanda wa pembeni yake. Kingo hubakizwa sentimita 2 au 3, hukunjiwa nyuma ya ubao na kugundishwa huko. Matundu ya taa na skrubu hufunguliwa mwisho kwa wembe, kutokea nyuma. Fundi aliyezoea, akiwa na msaidizi, humaliza gari dogo ndani ya siku moja, na busara ni kuacha ubao ulale usiku kucha kabla ya kurudishwa.

Atatokea mtu kusema kwamba gari la namba A lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia: breki, shokapu, matairi. Ni kweli, na asiye na breki asifikirie dari. Lakini dari haliko kwenye orodha ya mapambo kama wengi wanavyoliweka. Kitambaa kilichoziba kioo cha katikati kimemnyima dereva kuona nyuma, na barabara ya kuteremka kuelekea Mbamba Bay au ya kupishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka si mahali pa kuendesha nusu kipofu. Askari wa usalama barabarani wanapokagua magari katika wiki ya Nenda kwa Usalama huangalia taa, matairi na mikanda. Wakiingiza kichwa ndani na kutazama juu, watakuta kosa jingine linaloonekana wazi.

Hatari nyingine imejificha pembeni. Toyota ilileta eabegi za pazia, zinazoshuka kutoka ukingo wa dari kulinda kichwa gari linapogongwa ubavuni, mwaka 1998 kwenye gari lake la Progrès. Baadaye zikaenea kwenye magari mengi ambayo leo yamezagaa mitaani Tanzania. Eabegi hiyo imekunjwa juu ya milango, nyuma ya ubao wa dari, na hutokea kwenye ukingo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Anayepigilia skrubu na stepla ukingoni anaweza kuifunga au kuitoboa, na anayegundisha kitambaa hadi kwenye mwili wa gari ameufunga mlango wake wa kutokea. Kwenye magari hayo nguzo huwa na alama ya eabegi. Fundi akiiona, betri hutenganishwa na kuachwa dakika kadhaa kabla ya waya wowote kuguswa, na ubao hurudishwa kwa klipu zake halisi.

Moto nao hautajwi kabisa. Marekani ina kanuni ya usalama namba 302, iliyoanza kutumika mwaka 1972, inayotaka vifaa vya ndani ya gari visisambaze moto kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kitambaa cha pazia kilichonunuliwa kwa sababu ya rangi yake hakina ahadi hiyo. Fundi makini huwasha kiberiti kwenye kipande kidogo nje, mbali na makopo ya gundi, kabla hajakivika juu ya vichwa vya watu watano. Na gundi zenyewe zina vimiminika kama toluini vinavyoshika moto upesi na kudhuru ubongo na ini kwa anayevivuta kila siku. Kijana anayepaka gundi ndani ya gari lililofungwa madirisha, bila barakoa, analipia dari la mtu mwingine kwa afya yake. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo.

Kwa nini gazeti lishughulike na jambo hili? Kwa sababu nchi imeamua, kwa sheria na kwa mfuko, kuishi na magari ya zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka mlango wa umri, iliweka gharama: gari dogo la miaka 8 hadi 10 hulipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Watu wanalipa, wanaleta, na gari lililofika hukaa barabarani miaka mingi zaidi. Uamuzi huo una mantiki kwa nchi yenye kipato chake, lakini unadai kitu: mafundi wa kutunza vinavyozeeka. Injini zimepata mafundi wake. Viti, madari, mazulia na milango, yaani pale mwili wa binadamu unapokutana na gari, bado vimeachwa kwa anayejaribu.

Nairobi inaonyesha kinachowezekana. Ushindani wa matatu kugombea abiria umelea mafundi wanaoshona viti na kuvika madari kwa mistari, rangi na taa, kazi ambayo mgeni huipiga picha kabla hajakaa. Unaweza usiipende mbwembwe hiyo, lakini ustadi uliomo ndani yake haukanushiki, nao unalisha familia nyingi. Dar es Salaam ina Shaurimoyo ya Ilala kwa spea na mafundi wa siti katika kila kona. Mkazi wa Songea anayeambiwa apeleke gari Dar kwa ajili ya dari ana karibu kilomita 950 za kwenda, na nyingine za kurudi. Hilo halina sababu. Kila kifaa kinachohitajika, mbali na kitambaa chenyewe na gundi, ni brashi, wembe, bisibisi na meza.

Mikono ya kujifunza ipo. Songea ina chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ufundi magari na ushonaji ni fani ambazo VETA imezifundisha nchini kwa miaka mingi. Fundi wa siti amesimama katikati ya fani hizo mbili: anahitaji kujua klipu na nyaya kama fundi magari, na kujua mvuto wa kitambaa kama fundi cherehani. Kozi fupi ya wiki chache inayokutanisha madarasa hayo mawili haihitaji jengo jipya. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, ambapo fundi wa mtaani hupimwa na kupewa cheti. Mafundi siti wa Bombambili na Mjimwema wangekuwa wa kwanza kustahili. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linaweza kuwasaidia kununua vitambaa vya jora zima kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika na mita mbili. Na mkoa huu una historia ya ufundi wa kurithishana: magharibi ya mji, Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, vijana wamekuwa wakijifunza useremala, uchapaji na umakanika karakana kwa karakana kwa vizazi kadhaa.

Kitambaa chenyewe ndicho kikwazo cha kweli. Chenye sponji nyembamba mgongoni hakipatikani kirahisi mikoani, na fundi asipokipata hushika chochote. Lakini sponji inatengenezwa hapa nchini. Viwanda vya magodoro vipo, Tanfoam ya Arusha ikiwa mmojawapo wa majina yanayojulikana, na kiwanda kinachokata godoro kinaweza kukata karatasi ya milimita 4. Kuiunganisha na kitambaa kinachovutika ni hatua moja zaidi. Soko lake ni magari ya nchi nzima, pamoja na ya majirani wa Malawi, Msumbiji na Kongo. Mwenye kiwanda akikaa na mafundi siti kumi kwa siku moja, atajua atengeneze rangi gani na upana gani.

Wakati hayo yanasubiriwa, mwenye gari wa Songea ana nguvu mkononi mwake leo, nayo ni swali moja kwa fundi: "Fundi, ubao unashuka au haushuki?" Akijibiwa kuwa hakuna haja, aondoe gari lake kwa heshima aende kwa mwingine. Akijibiwa kuwa unashuka, aombe kuuona ukiwa umesafishwa kabla kitambaa hakijapandishwa, na alipe bei ya kazi ya siku nzima bila kuipunguza hadi fundi ashawishike kuruka brashi. Asiye na pesa kwa sasa ang'oe kitambaa chote, asafishe sponji iliyobaki na kuendesha na ubao mtupu. Haupendezi, lakini hauzibi kioo na haudondoshi unga, na fundi atakapoitwa atakuta nusu ya kazi imekwisha.

Wakati wa kufanya kazi hii pia una maana. Gundi ya kugusanisha inapokauka hupoza uso ilipopakwa, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hujikusanya juu yake na kuacha ukungu mweupe unaozuia kushika. Baridi ya Juni na Julai nayo huchelewesha ukaukaji. Agosti hadi Oktoba hewa ya Songea ni kavu, jua lipo, na ubao unaweza kulala nje ya karakana mchana kutwa bila mtu kutazama mawingu. Anayengoja Desemba, kitambaa kikiwa tayari kimefika begani, atamkuta fundi amebanwa kwenye kona moja ya banda lisilovuja, akipaka gundi huku mvua inapiga bati.